Ukurasa wa Wapi na Ngapi

Siku Bonifasi alipouona mteremko wake wa saruji ukifanya kazi, juu yake hapakuwa na mtoto. Palikuwa na mkokoteni wa korosho, wanaume wawili wameuinamia wakiusukuma kwa mabega, na gurudumu moja likilia kila lilipomaliza mzunguko. Magunia sita yalipanda pasipo kutikisika. Mkokoteni ukaingia mlangoni, ukamezwa na giza la chumba, kisha ukatoka mtupu na kushuka kwa kasi, wale wanaume wakiukimbilia huku wakicheka.

Alikuwa ameteremka punde kutoka kwenye lori la Masasi, begi mkononi, vumbi jekundu limemkaa hadi kwenye kope. Alisimama kando ya barabara akatazama safari ya pili, kisha ya tatu. Na jambo alilokuja kulionea haya baadaye ni kwamba kwanza alifurahi. Futi mbili za kupanda, futi ishirini na nne za kwenda. Ukingo wa kuzuia gurudumu lisitoke nje. Uso uliokwaruzwa kwa ufagio saruji ilipokuwa mbichi, ili mvua isiufanye utelezi. Hakuna aliyeteleza. Kazi ya fundi hujisema yenyewe, alijiambia, akatabasamu peke yake barabarani. Ilimchukua kitambo kukumbuka kwamba kile kilikuwa chumba cha darasa.

Bonifasi alikuwa mchoraji ramani za majengo. Kwa miaka kumi na saba alikaa kwenye meza moja katika ofisi ya ujenzi, akichora zahanati, nyumba za walimu na matangi ya maji ambayo mengi yake hayakujengwa. Ilipokuja amri ya kupunguza wafanyakazi wa serikali, jina lake lilibandikwa mlangoni pamoja na la tarishi na la dereva ambaye gari lake lilikuwa limekufa zamani. Alikaa nyumbani miaka miwili akipalilia mikorosho ya mkewe, Flora, na kila jioni akichonga penseli ambazo hakuwa na la kuzifanyia. Kisha mradi mmoja wa wafadhili ukafungua ofisi Masasi, wa kujenga shule za sekondari za kutwa vijijini, ukamtafuta mtu anayejua kuchora na asiyedai mengi. Bonifasi hakudai kitu.

Pamoja na kazi alipewa kitabu. Kilikuwa kitabu cha kanuni za kufanya majengo yafikiwe na watu wenye ulemavu. Sehemu yake kubwa ilieleza namna: mteremko uinuke kiasi gani, mlango uwe na upana gani, kitasa kikae kimo gani kutoka sakafuni, chooni paachwe nafasi gani ili kiti cha magurudumu kipate kugeuka. Sehemu hiyo Bonifasi aliipenda kama mtu anavyoipenda sala aliyoikuta ukubwani. Hakuwahi kuwaza kwamba duniani kuna mtu aliyeketi akapima mkono wa aliyekaa unafika wapi. Aliisoma hadi kurasa zikalegea.

Lakini namna peke yake haijengi kitu. Kabla ya sehemu hiyo palikuwa na ukurasa mmoja mfupi uliosema wapi na ngapi: milango mingapi, vyoo vingapi, vyumba vingapi ndivyo vitafuata vipimo vyote hivyo vizuri. Kwa shule ndogo ya kutwa, ukurasa ulisema, angalau chumba kimoja cha darasa. Katika fomu ya mradi palikuwa na safu ya kujaza idadi. Bonifasi aliandika moja, akaipigia mstari kwa rula.

Shule ilijengwa Chilindima, kijiji kilicho kati ya Kitangari na Newala mjini, mahali ambapo ardhi ya uwanda inaanza kuinama. Kiwanja hakikuwa sawa. Vyumba vinne vya jengo la kwanza vilipandiana kama watoto waliosimama kwa vimo, na baraza la mbele likakatwa vidato vya kupandia kati ya chumba na chumba. Wanaume walisomba mawe. Wanawake walibeba maji ya zege vichwani, ndoo kwa ndoo kutoka bondeni, kwa kuwa mabomba ya uwanda yalikuwa yamekauka tena. Chumba cha kwanza, kilicho jirani na barabara, kilipata mteremko. Vitatu vilivyosalia vilipata vidato.

Siku ya ufunguzi, mwezi wa Januari, aliyeupanda wa kwanza alikuwa Anifa binti Twahiru. Ugonjwa wa kupooza ulimchukua miguu akiwa na miaka mitatu. Shule ya msingi aliimaliza kwa mikono yake, akitambaa na ndala viganjani, na mtihani wa darasa la saba akaupasi yeye na wasichana wengine wawili tu katika kijiji kizima. Watawa wakampatia baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Siku ile alifika chini ya mteremko akasimama, akautazama urefu wake, akakataa kusukumwa. Alipanda peke yake, pole pole, mabega yakifanya kazi ndani ya sare mpya. Wageni walipiga picha. Bonifasi, aliyekuwa nyuma ya umati, alijifuta macho akasingizia vumbi.

Hiyo ilikuwa Januari. Sasa ulikuwa Novemba, amekuja kukagua nyufa, na chumba cha Anifa kimejaa korosho.

Mwalimu mkuu, Vitalis, alimkaribisha ofisini kwa heshima na kumweleza kila kitu bila kuficha. Ghala la ushirika lilikuwa limefungwa kwa kufuli tangu chama kianguke. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia uwandani kama nzige, kila mmoja na lori lake na mizani yake, na kila mmoja akitafuta mahali pakavu pa kuweka mzigo. Wakala wa mmoja wao alifika shuleni akatazama vyumba vyote vinne. Hakutumia muda. Alichagua kile chenye mteremko, kwa sababu gunia la korosho halipandi ngazi kwa hiari yake. Bodi ya shule ilikaa ikakubali. Kwa kodi ile yalinunuliwa madawati, na walimu wawili waliokuwa wakifundisha kwa ahadi wakapata kitu cha kupelekea nyumbani. Kidato cha kwanza kilihamishiwa chumba cha tatu, kwa kuwa cha pili kilikuwa cha walimu.

"Chumba cha tatu kina vidato sita," Bonifasi alisema.

"Sita, ndiyo."

"Na Anifa?"

Vitalis alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Nilichagua vijana wanne wenye adabu, wakawa wanambeba. Wiki mbili walimbeba vizuri. Kisha akaacha kuja."

"Hakusema sababu?"

"Hakusema. Ni msichana wa miaka kumi na minne, Bwana Bonifasi. Wewe una binti."

Bonifasi aliuliza kama kidato cha kwanza hakiwezi kurudishwa mahali pake na korosho zikahamishwa. Vitalis akamwonyesha dirishani. Uani kulikuwa na watoto wameketi wawili wawili kwenye madawati mapya, wakisomea nje kwa sababu ya joto.

Kabla ya kurudi Masasi alipita kwa akina Anifa. Mzee Twahiru, mtu mrefu aliyeanza kupinda, alimpokea uani. Bonifasi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda. Mkewe, Kibibi, aliendelea kupepeta unga bila kuinua uso. Anifa hakutoka ndani, ila kimya cha chumbani kilikuwa kimya cha mtu anayesikiliza. Twahiru alisimulia kwamba siku ya mwisho binti alirudi mapema, akaomba maji, akafua sare yake mwenyewe, na ilipokauka akaikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku. Mama yake alipomuuliza, alisema amechoka. Mtoto ambaye alitambaa miaka saba asichoke, amechoka katika wiki mbili za kubebwa.

"Siku ile ya wageni mlisema mlango ule wa darasa ni wa Anifa," Twahiru alisema. Sauti yake haikuwa na ugomvi ndani yake. "Hatukujua kuwa alikuwa ameuazima tu."

Bonifasi aliahidi kwamba atalishughulikia. Aliahidi kwa moyo mweupe, kwa sababu aliamini katika kitabu. Aliona kwamba kosa limefanyika dhidi ya kanuni, na kosa dhidi ya kanuni lina mahali pa kupelekwa.

Mahali penyewe palikuwa meza ya mhandisi wa mradi, Haji, kijana mpole aliyesoma ng'ambo na ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Haji alimsikiliza hadi mwisho. Alisikitika, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli. Kisha akafungua jalada la Chilindima, akaweka kidole kwenye fomu.

"Chumba kipo?"

"Kipo."

"Mteremko upo, na vipimo vyake ni sahihi?"

"Ni sahihi. Niliupima mwenyewe."

"Basi, mzee wangu, kanuni imetimizwa."

Haji alieleza taratibu, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango wa chumba ambacho yeye mwenyewe hakipendi. Kanuni ilisema lazima kiwepo chumba kimoja. Haikusema ndani yake kitawekwa nini. Kama bodi ya shule ikiweka wanafunzi au korosho au mbuzi, jengo halibadiliki. Na kuongeza mteremko mwingine sasa hakungekuwa ujenzi, kungekuwa marekebisho, na ule ukurasa ulihusu majengo mapya peke yake. Tena jengo bado lilikuwa katika mwaka wa matazamio, ule wa kwanza wa kutazamwa kama lina kasoro, asiguse mtu. Hata hivyo ataandika barua makao makuu. Bonifasi alimshukuru.

Barua ilijibiwa Januari, mistari sita. Shule ya Chilindima, ilisema, imekidhi matakwa yote ya ufikivu kwa mujibu wa idadi iliyojazwa. Bonifasi aliisoma akiwa amesimama, na macho yake yakarudi mara tatu kwenye maneno mawili ya mwisho. Idadi iliyojazwa. Hawakusema imejazwa na nani.

Usiku ule, na wa siku zilizofuata, alilifikiria neno angalau. Alikuwa amelitumia maisha yake yote bila kulitazama. Katika kinywa cha mwenye njaa ni neno la unyenyekevu: angalau kipande cha muhogo, angalau maji. Mwenye njaa akilisema ana maana hata kidogo, na zaidi ya hapo nitafurahi. Lakini likihama kutoka kinywani mwa anayeomba na kukaa kalamuni mwa anayetoa, hubadilika tabia. Huwa uzio. Anayetoa hufika pale penye neno, akaweka mzigo wake chini, akageuka kwenda nyumbani akiwa ametimiza. Na Bonifasi alijijua ni nani kati ya hao wawili.

Katika ua wake mjini Newala, alikorudi kila mwisho wa wiki, chini ya turubai, palikuwa na mifuko ya saruji aliyoiweka akiba kwa ajili ya sakafu ya nyumba. Flora alikuwa akiisubiri sakafu hiyo tangu Maria, binti yao, akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa Maria alikuwa msichana wa kujifunga khanga mwenyewe. Bonifasi hakujua aanzeje. Alimweleza habari yote akiwa anatazama chini. Flora aliuliza swali moja tu, kama mradi umemtuma. Akajibu hapana. Mwanamke akachota majivu jikoni akayamwaga nje, akarudi.

"Chukua, Baba Maria," alisema. "Sakafu ya udongo haijaua mtu."

Aliomba likizo isiyo na malipo, akaenda Chilindima na vifaa vyake vya kupimia, timazi na pimamaji. Vitalis hakumpa ruhusa na hakumzuia. Alisema siku hizo yeye atakuwa na kazi nyingi upande wa pili wa jengo. Mzee Twahiru alikuja na jembe bila kuitwa. Chumba cha tatu ndicho kilichokuwa kimepangiwa kidato cha pili, na Bonifasi alisadiki kwamba Anifa akirudi mapema atawafikia wenzake. Futi tatu za kupanda. Futi thelathini na sita za kwenda.

Lakini mwaka ule ndio uliokuwa wa mvua kubwa, mvua zilizokata barabara na kulaza madaraja nchi nzima. Udongo wa uwanda ni mchanga. Ukiloa hauna uaminifu. Walijaza kifusi na kukishindilia siku tisa, na mvua ya alasiri moja ikakisomba chote mpaka kwenye shamba la mihogo la jirani. Walianza upya. Mara ya pili kuta za pembeni zilisimama, ila kifusi kilizama katikati, na zege changa likapasuka kama mkate. Twahiru alilitazama pasuko lile muda mrefu. Akasema kwamba Mungu akitaka kukukatalia jambo hukukatalia mara moja tu, na mara nyingine zote ni mvua. Wakavunja, wakachimba chini zaidi, wakaweka mawe makubwa. Saruji ilipopungua Bonifasi aliuza baiskeli yake.

Kila siku alimuuliza Twahiru kama Anifa anajua. Twahiru alijibu kwamba anajua, na hasemi.

Walimaliza katikati ya Machi. Bonifasi aliufagia uso wa saruji ikiwa mbichi, akaulinda siku tatu kwa magunia yaliyoloweshwa, akaupima akiwa peke yake asubuhi ya nne. Haukuwa na kosa. Ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa ule aliuchora na huu aliujenga. Aliosha mikono, akavaa shati safi, akaenda ofisini kwa Vitalis kumwambia kwamba Jumatatu ataleta mwanafunzi.

Vitalis hakuinuka. Daftari la mahudhurio lilikuwa mezani, na ilionekana wazi kwamba alikuwa amelitoa kabla.

Mkaguzi alifika mwezi wa pili, alisema. Alikuwa amepitia daftari jina kwa jina. Mwanafunzi asiyeonekana shuleni siku tisini anafutwa, na mkaguzi alisimama pale pale hadi jina lilipopigwa mstari kwa wino mwekundu. Tena Anifa hakufanya mtihani wa mwisho wa mwaka, hivyo kidato cha pili hakikuwa chake hata kama jina lingebaki. Angeweza kuomba upya kidato cha kwanza, mwakani, nafasi ikipatikana.

"Mwakani kidato cha kwanza kitakaa wapi?" Bonifasi aliuliza.

"Chumba cha nne."

"Na cha kwanza?"

"Bodi imetia saini miaka mitatu." Vitalis alilifunga daftari kwa upole, kama mtu anayefunika chakula. "Ungeniambia ulipokuwa unaanza, ningekuambia kuhusu siku tisini. Lakini nilikuona umeshika jembe, na mvua ile, nikashindwa."

Nje, kengele ilipigwa. Watoto wa kidato cha pili walitoka chumba cha tatu wakakimbilia ile njia mpya, wakaushuka mteremko kwa makalio, mmoja baada ya mwingine, hadi mwalimu wa zamu akawafukuza.

Bonifasi alitembea hadi kwa akina Twahiru. Mzee alikuwa shambani. Kibibi alikuwa bado hajarudi kutoka kisimani; watu walisema foleni ya maji siku hizo ilianza alfajiri hata mvua zikinyesha, kwa sababu mvua za uwandani hazikai. Anifa alikuwa peke yake, ameketi ardhini katika kivuli chembamba cha ukuta, sufuria ya mihogo mbele yake na kisu mkononi. Baiskeli yake ilikuwa ndani ya mlango, na kuku alikuwa ameatamia kwenye kiti chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu uketi. Kigoda kiko hapo nyuma yako."

Akaketi. Akamweleza yote: siku tisini, wino mwekundu, chumba cha nne, miaka mitatu. Hakujaribu kuyapunguza. Msichana alimsikiliza akiendelea kumenya, maganda yakianguka marefu na mazima, na Bonifasi alipomaliza, alichukua muhogo mwingine.

"Ni mzuri?" aliuliza.

"Nini?"

"Huo mlioujenga na baba."

"Ni mzuri."

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba amepewa habari ya mtu aliye mbali. Kisha akasema jambo ambalo Bonifasi hakulitarajia.

"Wale vijana hawakunikosea. Najua watu wanafikiri hivyo. Mama anafikiri hivyo. Walinishika vizuri." Aligeuza muhogo, akatafuta mahali pa kuanzia. "Walikuwa wanahesabu vidato, ili waende pamoja wasiniangushe. Moja, mbili. Siku ya tatu darasa likaanza kuitikia kutoka ndani. Hawakuwa wananicheka. Walikuwa wanasaidia. Kila asubuhi darasa zima, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Na kwenda chooni. Na kurudi kutoka chooni."

Bonifasi alitazama mikono yake mwenyewe. Saruji ilikuwa imekula ngozi ya vidole, na mahali pengine palikuwa pakivuja.

"Baba," Anifa alisema, "ni nani aliyesema kiwe chumba kimoja?"

Jibu alilokuwa nalo lilikuwa limekaa tayari mdomoni, na lilikuwa kweli. "Kitabu kilisema angalau kimoja."

"Angalau."

"Ndiyo."

"Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha angalau maana yake si chini ya hapo." Hakuwa akimtazama. "Juu ya hapo mtu hakatazwi."

"Hakatazwi."

"Kwa hiyo hakuna aliyewakataza."

Kulikuwa na jogoo akiparua mahali fulani nyuma ya nyumba, na sauti ya shoka mbali. Bonifasi angeweza kuishia hapo. Hakuna aliyejua, wala hapakuwa na karatasi iliyobaki ya kumshitaki. Akajiona akianza kusema, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani.

"Ramani ya kwanza niliichora kwa penseli," alisema. "Nilichora baraza moja tambarare, toka chumba cha kwanza hadi cha nne. Halina kidato. Mteremko mmoja barabarani ungekufikisha kila mlango. Kisha nikakifungua kile kitabu kwenye ukurasa wa ngapi, nikaona kimoja kinatosha. Nikafuta."

"Saruji ilikuwa haitoshi?"

"Ilitosha. Kingeongezeka kifusi tu. Na kifusi kilikuwa cha kusombwa na wazazi wenu."

"Wangesomba," Anifa alisema.

"Najua."

Alingoja. Alingoja achukie, au alie, au amwambie aondoke. Lolote kati ya hayo lingekuwa kama kupokea ujira. Anifa aliokota ganda lililoangukia gotini akalitupa pamoja na mengine. Usoni mwake hapakuwa na hasira. Palikuwa na utulivu wa mtu aliyekuwa akitafuta kitu muda mrefu gizani, akakigusa, na kumbe hakina faida.

"Asante kwa kuniambia," alisema. Kisha, kwa adabu ya nyumba yao, akauliza habari za Mama Maria na za watoto. Bonifasi akajibu kwamba wote wazima.

Jua lilikuwa limepanda. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimejivuta taratibu wakizungumza, na mwanga ulikuwa umemfikia Anifa begani na shavuni. Aliweka kisu ndani ya sufuria. Akaisukuma sufuria mbele kwa mkono mmoja, akaegemea viganja, akajivuta kuifuata. Akaisukuma tena, akajivuta tena, kuelekea upande wa mlangoni ambako ubao wa paa ulikuwa bado unaangusha utepe wa kivuli. Vumbi lilibaki na alama pana nyuma yake. Bonifasi alikuwa ameshasimama ili amsaidie. Msichana aligeuza kichwa akamtazama, bila ukali, na mwanamume akaketi tena kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti.

Alikuwa mtu ambaye macho yake hayakuwahi kupita mahali bila kupapima. Alijaribu kutazama kwingine ili asiupime umbali ule, kwenye njia ambako Kibibi angetokea na ndoo yake, lakini njia ilikuwa tupu.

Anifa alifika. Alijiweka sawa, akaiegemeza sufuria kwenye paja, akachagua muhogo. Kivuli kilimfika kiunoni. Miguu yake, miembamba na iliyotulia, ilibaki nje juani, na yeye akaanza kumenya.